Jinsi ya Kupanga Spishi za Jenasi Moja kwa Umbo la Mmea na Muundo wa Jani

Spishi za jenasi moja, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, hufanana mno, na anayetegemea jani moja tu atazichanganya. Kwa kila spishi chagua mimea kadhaa, kisha chuma majani yaliyokomaa ya katikati ya tawi na uandike kama yaliota juani au kivulini, maana jani la juani huwa nene zaidi na lenye stomata (vitundu vidogo vya kupitishia hewa) nyingi zaidi kwa milimita mraba kuliko la kivulini, hata kwenye mti uleule.

Anza na umbo la nje: kimo, shina, na kama majani yamepishana, yameelekeana au yamezunguka kifundo, yaani mahali pa shina panapoota majani. Tafuta chipukizi kwenye kwapa, yaani pembe kati ya jani na tawi, kwa kuwa huota penye kwapa la jani zima, si penye vipande vya jani ambatani (jani moja lililogawanyika vipande).

Kazi yenye faida kubwa huanzia kwenye hadubini. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani, iache ikauke kabisa, ibandue kwa utepe wa gundi unaopitisha mwanga, uibandike kwenye kioo na uikuze mara 400. Jani lenye manyoya mengi halitoi alama safi, kwa hiyo yakwangue kwanza, ukihifadhi machache ya kuchunguza: katika jenasi ya Solanum, kwa mfano, kuna spishi zenye manyoya yenye matawi kama nyota na nyingine zenye manyoya yasiyo na matawi. Tazama pia seli zinazopakana na seli linzi za stomata (zile zinazoifungua na kuifunga), lakini kwa tahadhari. Katika familia ya mbuni (mti wa kahawa), seli mbili hulala sambamba na seli linzi karibu katika spishi zote, hivyo sifa hiyo huitambulisha familia bila kuzitenganisha spishi zake.

Mwishowe kata jani kwa kulipinga, ukitumia wembe mpya, na uchague kipande chembamba kuliko vyote. Mkato wa namna hii ulionyesha kwamba nyasi zilizowekwa zamani katika jenasi ya Panicum hazikuwa za aina moja: baadhi zilikuwa na seli kubwa zenye kloroplasti (chembe za kijani) nyingi zilizozunguka vishipa, nyingine hazikuwa nazo.

Unapounda makundi, zipe uzito sifa zisizobadilika kati ya jua na kivuli, na ukubwa wa jani uuweke nyuma ya zote.