Kupima Mishipa Midogo ya Damu kwa Ncha ya Kidole cha Mgonjwa Mahututi

Mashine inaweza kuonyesha shinikizo la damu linaloridhisha huku mishipa midogo kabisa ya mgonjwa mahututi haipitishi damu ya kutosha, kwa sababu mwili hubana njia za damu za ngozi ili kuulinda moyo na ubongo. Ndiyo maana, katika wodi yetu hapa Mbale, Uganda, nawafundisha wauguzi wapya kupima muda wa damu kurudi kidoleni. Kipimo hiki hakitoboi ngozi; kinahitaji kipande bapa cha kioo cha hadubini na saa ya sekunde tu.

Kwanza, mweleze mgonjwa au jamaa aliye kando ya kitanda unachotaka kufanya. Inua mkono mpaka usawa wa moyo, na usipime mkono uliofungwa mkanda wa shinikizo. Asubuhi za mvua, baridi ya Mlima Elgon inapotufikia, vidole hupoa na muda hurefuka hata kwa mtu mzima wa afya, kwa hiyo ufunike mkono kwa blanketi dakika chache.

Pili, chagua nyama ya ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, upande wa kiganja, si ukucha. Ngozi ya hapo ni nyepesi kwa rangi hata kwa mtu mweusi sana. Kikiwa kimepakwa hina, tafuta kingine.

Tatu, bonyeza kioo ukiongeza nguvu taratibu mpaka ngozi ipauke, kisha shikilia kwa sekunde 10 kamili. Hapa ndipo wengi hukosea: huachia mapema, au huhesabu kichwani, na kichwa cha aliyekesha zamu ya usiku huhesabu kwa kufuata hofu yake. Achia, washa saa papo hapo, uizime rangi ya awali inaporudi. Andika sekunde kwa tarakimu, kwani neno "nzuri" halimsaidii atakayepokea zamu.

Kwa mtu mzima, zaidi ya sekunde 3 ni dalili mbaya. Katika utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK wa mwaka 2019, wenye wagonjwa 424 wa Amerika Kusini, kidole kilipimwa kila dakika 30. Waliotibiwa kwa kukifuata walifariki asilimia 34.9 ndani ya siku 28, na waliotibiwa kwa kufuata laktati, kemikali ya damu inayopanda tishu zinapokosa oksijeni, asilimia 43.4. Tofauti hiyo haikufikia uhakika wa kitakwimu, lakini yatosha kuniambia kwamba hospitali isiyo na kipimo cha laktati haijaachwa mikono mitupu.

Kwa mtoto, usikimbilie dripu. Utafiti wa FEAST wa mwaka 2011, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, ulionyesha kuwa watoto wagonjwa sana wenye homa na mzunguko hafifu wa damu waliomiminiwa maji ya haraka walifariki zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa 48, dhidi ya asilimia 7.3 ya wasiomiminiwa. Ili kusema mtoto ana mshtuko, yaani mzunguko wa damu umeshindwa, Shirika la Afya Duniani hudai dalili tatu kwa pamoja: mikono na miguu ya baridi, muda unaozidi sekunde 3, na mapigo dhaifu yaendayo mbio. Tazama pia weupe wa viganja, kisha mwite daktari, na baada ya kila tiba rudia kipimo kwenye kidole kilekile.