Tambi hunywa, spageti huoga

Sahani ya kwanza ya spageti niliyopika kwa malipo ilirudi jikoni haijaguswa. Nilikuwa kibarua kwenye hoteli moja ndogo huku Raskazone, Tanga, mpishi kaugua, na mimi kwa kujiamini nikasema spageti ni tambi tu, nazipika tangu nina miaka 9. Nikazivunja, nikazikaanga kidogo, nikatia maji ya kuzifunika, nikapalia moto. Zilipoiva ungeweza kuzikata kwa kisu kama mkate wa kumimina. Mgeni alichoma uma akainua, zikainuka zote. Mhudumu akaniwekea sahani mbele yangu na hakusema neno, na afadhali angesema.

Mpishi aliporudi hakunifokea. Alichukua sufuria kubwa kuliko zote, akaijaza maji, akaniambia, "Dada, tambi hunywa maji, spageti huoga maji." Mengi niliyojifunza baadaye kuhusu vitu hivi yanatoka kwenye maneno hayo. Sasa nimeolewa Ngamiani, napika kwangu na napika kwa oda, na kila Ramadhani lazima aje mtu kuniuliza kwa nini spageti zake zimekuwa bokoboko.

Tambi kwanza, za kunywa

Kwa tuliolelewa pwani, tambi ni zile nyembamba za futari, zinazokaa mkekani pamoja na mihogo ya nazi na kaimati. Kwa Kizungu zinaitwa vermicelli, neno la Kiitaliano, maana yake vijiminyoo. Hilo usimwambie mtoto kabla hajala.

Robo kilo inatosha watu wanne wenye vyakula vingine mbele yao. Zivunje zikiwa bado ndani ya pakiti, zisikurukie jiko zima. Bandika sufuria, tia vijiko vitatu vikubwa vya samli au mafuta, mimina tambi, na hapo usiitike hodi ya mtu. Geuza, geuza. Dakika mbili tatu za mwanzo utaona kama hakuna kinachotokea, halafu ghafla zinaanza kubadilika, na zikianza hazikungoji. Unatafuta rangi ya andazi lililoiva, na harufu kama ya mkate unaochomwa. Zikifika rangi ya kahawa umechelewa. Uchungu ule sukari haiufichi.

Tui jepesi vikombe viwili liwe limeshapata moto pembeni. Limimine ukiwa umesogea nyuma kidogo maana litachachatika. Tia nusu kikombe cha sukari, iliki sita ulizozitwanga muda huohuo, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Punguza moto. Tui likikaribia kukauka, mimina kikombe kimoja cha tui zito, tawanya zabibu, funika, weka makaa machache juu ya mfuniko. Mwenye gesi aweke moto wa chini kabisa kwa dakika saba au nane. Kuanzia hapo mwiko kaa nao mbali, ukikoroga unazisaga. Ukifunua, ziachanishe kwa uma.

Mavyaa wangu anatia sukari kikombe kizima. Hilo tumelinyamazia, nyumba ikae.

Kule kukaanga ndiko kunakofanya tambi zinywe maji bila kugandana, maana wanga wa juu umeshakaushwa na moto. Ndiyo maana tambi ulizozimwaga mbichi kwenye tui hugeuka uji.

Pakiti inasema mengi

Kabla ya kubandika maji, soma pakiti. Spageti nzuri hutengenezwa kwa ngano ngumu, na kwenye karatasi utaona neno durum. Ngano hiyo ikisagwa hutoa chengachenga za manjano kama suji, wala si unga mweupe laini wa chapati. Ina protini nyingi, na hiyo ndiyo inayoushika wanga usitoroke kwenye maji. Spageti za ngano laini ni nyeupe kama karatasi, na ukipitisha dakika moja tu zimekwisha. Nina pakiti mbili ninazozinunua kila siku kwenye duka moja la barabara za namba, na mwenye duka anajua kwamba akiniletea zile nyeupe namrudishia.

Ukiona spageti ya manjano ambayo uso wake unaparuza kidogo ukiipitishia kidole, kama imepigwa msasa, chukua. Hizo zimepitishwa kwenye tundu za shaba, na ule mparuzo ndio unaoukamata mchuzi.

Sasa spageti, za kuoga

Kipimo cha Waitaliano ni gramu 100 kwa mtu mmoja, lita 1 ya maji, na gramu 10 za chumvi, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu. Wapo wanaosema maji yawe na chumvi kama ya bahari. Sisi wa Tanga bahari tunaijua: lita moja ina chumvi kama gramu 35. Pikia hayo uone nani atakula.

Maji yachemke haswa, yarukeruke, ndipo utie chumvi na spageti. Kuzivunja au kutozivunja ni shauri lako. Waitaliano hawataki hata kusikia, lakini mimi watoto wangu wanakula kwa mkono, na spageti ndefu kwa mkono ni vita, kwa hiyo za watoto nazivunja katikati. Dakika mbili za kwanza koroga bila kuacha. Wakati huo ndio zinagandana, baada ya hapo zinajitegemea. Mafuta usitie. Yanaelea juu, na yakizipaka wakati wa kuchuja, mchuzi unateleza chini ya sahani.

Kama maji kwenu ni ya ndoo na mkaa ni wa kopo, unaweza kushuka hadi nusu lita kwa gramu 100. Zitaiva. Ila itabidi usimame na mwiko muda wote, na chumvi uipunguze kwa nusu.

Pakiti ikiandika dakika 10, anza kuonja dakika ya 8. Toa uzi mmoja, uume katikati, utazame palipokatika. Ukiona doa jeupe kama kichwa cha pini, bado kidogo. Doa likibaki kwa mbali, kama linataka kufutika, hapo ndipo penyewe: meno yanakutana na kitu, lakini hayakwaruzwi na unga mbichi. Waitaliano wanasema al dente, kwenye jino. Usizirushe ukutani kuona kama zinanata. Zitanata hata zikiwa zimevurugika, na ukuta utausafisha wewe.

Kabla ya kuchuja, chota kikombe kizima cha yale maji. Ni meupe, mazito kidogo, yana wanga. Halafu chuja, na usizisuuze kwa maji baridi, unaosha kile unachokitaka. Wala usizipange kwenye sahani kisha ukamwagia mchuzi juu kama wali. Zitie kwenye karai la mchuzi, moto ukiwaka, na yale maji robo kikombe kwa wakati, ugeuze dakika moja au mbili. Hapo utaona mafuta na maji yanashikana, mchuzi unakuwa rojorojo inayong'aa na unaganda kwenye kila uzi.

Ukitaka kuuona ukweli wa jambo hili, pika ya Napoli isiyo na nyanya wala nyama. Thomu punje nne zilizokatwa nyembamba, mafuta ya zeituni (ya alizeti pia hayaharibu), pilipili kavu moja. Moto mdogo mpaka thomu iwe na rangi ya majani makavu, isifike udongo. Tia spageti, tia maji yake nusu kikombe, geuza kwa nguvu. Nyunyiza kotmiri. Chakula cha dakika 12, na asiyejua atadhani umetia maziwa.

Kamba kwa kamba

Neno spaghetti lina asili ya spago, yaani kamba nyembamba au uzi. Kwa hiyo spageti za kamba ni kamba kwa kamba, na ndicho chakula ninachoulizwa zaidi.

Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi, mashua zikirudi. Kamba mzuri ni yule ambaye kichwa hakijalegea wala kuwa cheusi, na ananuka bahari tu. Nusu kilo. Wamenye, uchane mgongo utoe ule uzi mweusi. Vichwa na maganda usitupe: vikaange kwenye mafuta kidogo mpaka viwe vyekundu, tia vikombe viwili vya maji, vichemke dakika 15, uchuje. Supu hiyo ndiyo siri, na naitoa bure.

Kwenye karai kaanga kamba dakika moja kila upande, watoe wangali laini. Mafuta yaleyale, kitunguu maji kimoja, thomu punje tano, nusu kijiko cha chai cha manjano, nyanya nne zilizokunwa. Nyanya zikiachana na mafuta, mimina supu ya maganda, tumbukiza pilipili mbuzi moja nzima, usiipasue, acha ipungue nusu. Ndipo tui zito kikombe kimoja, moto mdogo, ukoroge lisikatike. Spageti ziingie hapa zikiwa zimebakiza dakika moja kuiva, zimalizie humohumo. Kamba warudi mwisho. Epua kwanza, ndipo ukamulie ndimu. Ukiikamulia jikoni tui linakatika na unabaki na mafuta juu, maji chini.

Hii hainyunyizwi jibini. Jibini ya Irente inayoshuka kutoka Lushoto iweke kwa ajili ya makaroni.

Mabomba, vipepeo na wengine

Maumbo si mapambo. Nyembamba zinataka mchuzi mwepesi unaoteleza, zenye tundu zinataka mchuzi mzito wenye vipande. Penne, zile za bomba zilizokatwa mshazari, zimepewa jina la kalamu ya unyoya. Nyama ya kusaga inaingia ndani na inakaa. Zile za parafujo, fusilli, ninazipika kwa mboga za milimani, karoti na hoho, maana mikunjo yake inashika kila kitu. Vipepeo, farfalle, sivipendi. Pembeni vinalainika, pale katikati vilipobanwa bado vinagoma. Ukivipenda pika.

Jirani yangu Msomali anaita zote baasto, na mchuzi wake suugo. Kusini mwa Somalia kulitawaliwa na Waitaliano, spageti zikabaki na watu wakazifanya zao. Yeye nyama yake ya kusaga haitoki bila bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga, iliki na mdalasini, vyote vimekaangwa vikavu na kusagwa. Na pembeni ya sahani anaweka ndizi mbivu, unakata kipande, unakula na tonge. Nilicheka mara ya kwanza. Sasa mume wangu akikuta spageti za nyama bila ndizi anauliza kama soko limefungwa.

Za mkono

Ukishajua kusukuma chapati, hizi zimo mikononi mwako tayari. Unga wa ngano gramu 100, yai moja, kwa kila mtu. Maji hakuna. Fanya kisima katikati ya unga, vunja mayai, changanya kwa uma, kisha ukande dakika 10 mpaka donge liwe laini kama ndewe ya sikio. Lifunike lipumzike nusu saa. Bila hivyo litakuwa linajivuta nyuma kila ukilisukuma. Sukuma mpaka uone kivuli cha mkono wako upande wa pili. Nyunyiza unga, kunja mikunjo mipana, kata kwa kisu kikali utepe wa upana wa kidole kidogo, uzikung'ute. Zinaiva dakika 2 mpaka 3 tu.

Mara ya kwanza nilisikia kwamba hutundikwa zikauke, nami nikazitundika uani kwenye kamba ya nguo, nikaingia ndani kutafuta sufuria. Ukae Tanga usahau kunguru! Nilipotoka walikuwa watano, mmoja kashaondoka na utepe mrefu unampepea nyuma, na watoto wa jirani wanashangilia. Zilizobaki hazikukauka pia, kwa unyevu wa hewa yetu, na zina yai, kesho yake zilianza kunuka. Kwa hiyo zikate, zipike, zile siku hiyohiyo.

Zikibaki zozote, za dukani au za mkono, zitie kwenye chombo chenye mfuniko na uziweke kwenye friji. Asubuhi piga mayai matatu, chumvi, kitunguu na hoho, changanya na kile kiporo, mimina kwenye kikaango chenye mafuta, moto wa chini, funika. Chini kukishika rangi, geuza kwa sahani kama unavyogeuza chipsi mayai. Napoli nao wanafanya hivi na makaroni yao. Mimi nakata vipande vinne, vitatu vya watoto na chai ya rangi, cha nne nafunga kwenye karatasi, mume anaondoka nacho kwenye kapu la baiskeli.