Kuitumia Maktaba ya Chuo: Tuanze na Dagaa wa Kirumba

Ukiingia katika maktaba ya chuo cha kati hapa Mwanza wiki moja kabla ya mitihani, utakuta viti vimejaa na rafu zimetulia. Wanafunzi wengi wamekuja na madaftari na vitini vyao wenyewe, wamejibanza karibu na soketi ili simu zipate chaji, na mkutubi yuko kwenye dawati lake akigonga mihuri. Kusoma vitini mahali penye utulivu si kosa, lakini anayeishia hapo ameazima kiti tu, ilhali ada aliyolipa inamruhusu kuazima vitabu, kusoma majarida ya kitaaluma ambayo mtu wa nje huyalipia, na kusaidiwa na mkutubi kutafuta maandiko ya utafiti wake. Huduma hii ya mwisho ndiyo isiyojulikana sana, nami nitaieleza kwa urefu zaidi kuliko nyingine.

Mambo ya kuanzia ni mepesi. Nenda na kitambulisho cha chuo ambacho muda wake haujaisha, jiandikishe, acha begi mlangoni, kisha uliza unaruhusiwa kuazima vitabu vingapi na kwa siku ngapi, kwa kuwa kila chuo kina utaratibu wake. Kamusi, ensaiklopidia na vitabu vingine vya marejeo husomewa humo humo. Vitabu vinavyogombewa na darasa zima huwekwa nyuma ya dawati na kutolewa kwa saa chache tu, kwa hiyo usihitimishe kwamba kitabu hakipo kwa sababu hukukiona kwenye rafu.

Sasa tuchukue mfano wa mwanafunzi anayetaka kuandika kuhusu hasara wanayopata waanikaji wa dagaa wa mwaloni wa Kirumba. Akimwendea mkutubi na kuomba "kitabu cha dagaa", huenda akajibiwa kwamba hakuna, na jibu likawa la kweli kabisa. Mazungumzo yanayozaa matunda huwa kama haya:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini?"

"Naandika ripoti ya mwisho wa mwaka kuhusu dagaa wanaoharibika wakati wa kuanikwa, hasa msimu wa mvua. Nataka maandiko ya Ziwa Victoria, ya miaka kumi iliyopita. Nimekwisha kusoma kitini cha mwalimu, nimekwama hapo."

"Unataka upande wa biashara au wa usindikaji?"

Swali hilo la mkutubi ndilo lenye faida, kwa sababu linamlazimisha mwanafunzi kuamua jambo ambalo hakuwa ameliamua. Andika mada yako kwa sentensi moja kabla ya kwenda, taja eneo, kipindi na ulichokwisha kusoma, kisha nenda asubuhi ya siku ya kawaida, si siku ya kukusanya kazi ambapo kuna foleni mpaka mlangoni.

Maktaba zinazofuata mfumo wa Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, hugawa maarifa yote katika namba kuanzia 000 hadi 999. Tatizo ni kwamba mada moja hutawanyika. Uvuvi na ufugaji wa samaki uko 639, samaki kama viumbe wako 597, usindikaji wa vyakula uko 664, na uchumi wa uzalishaji uko 338, kwa hiyo dagaa wetu wa Kirumba wanaweza kukufikisha kwenye rafu nne zilizo mbali mbali. Anza na katalogi, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba, nakili namba kamili, halafu ukifika kwenye rafu tazama na vitabu vilivyo jirani. Kumbuka pia kwamba namba hizi ni za desimali: 639.15 hutangulia 639.2, ingawa jicho hudhani 15 ni kubwa kuliko 2. Nimeona wanafunzi wakirudi dawatini kulalamika kwamba kitabu kimepotea, kumbe kimesimama hatua mbili nyuma yao.

Kutafuta makala mtandaoni kuna mtego wa aina nyingine, ambao uliwahi kuninasa mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika neno "dagaa" peke yake, nikapata makala nzuri yenye majedwali, nikaijaza katika ripoti yangu. Mwalimu aliikata kwa kalamu nyekundu: ilikuwa inazungumzia dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao ni samaki wengine kabisa. Dagaa wa huku kwetu kitaalamu anaitwa Rastrineobola argentea. Wakenya humwita omena na Waganda humwita mukene. Anayetafuta kwa jina la Kiswahili pekee huchota samaki wa Kigoma asiowahitaji na kuwakosa wa Kisumu na Entebbe anaowahitaji.

Njia ya kutoka ni kuunganisha majina. Andika dagaa OR omena OR mukene, ukiyaweka yote ndani ya mabano, kisha ongeza AND na "Lake Victoria" likiwa ndani ya alama za nukuu ili maneno hayo mawili yasitenganishwe. OR hupanua wavu, AND huukaza. Jina la kisayansi litafute peke yake pia, maana watafiti wa nchi zote tatu hulitumia. Ukiona matokeo ni maelfu, ongeza neno linalotaja tatizo lenyewe, kama vile ukaushaji au upotevu, kwa Kiingereza, kwa kuwa makala nyingi za fani hii zimeandikwa kwa lugha hiyo.

Ukikuta makala inayodai malipo, usitoe kadi wala usikate tamaa. Kupitia mpango wa Research4Life, taasisi za Tanzania zilizosajiliwa husoma majarida mengi ya kimataifa bila malipo: AGORA, chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ni ya kilimo na chakula, na uvuvi umo; Hinari, chini ya Shirika la Afya Duniani, ni ya afya. Nywila ni ya taasisi, hivyo muulize mkutubi kama chuo chenu kimesajiliwa, wala usiisambaze kwenye kundi la WhatsApp. Majarida ya Afrika yatafute African Journals Online. Usisahau ripoti zisizouzwa dukani, zikiwamo za TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania yenye kituo hapa Mwanza, na za wanafunzi waliokutangulia. Chuo kikikosa kabisa, mjini ipo maktaba ya mkoa iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Kila unachosoma, andika papo hapo jina la mwandishi, mwaka, kichwa, mchapishaji na ukurasa. Kama chuo chenu hutumia mtindo wa APA wa kuandika marejeo, hakikisha unafuata toleo la saba, lililotoka mwaka 2019, maana miongozo ya zamani bado inazunguka kwenye simu. Mkutubi atakukagulia orodha ya marejeo ukimpelekea mapema, ila kukuandikia sura ya pili ya ripoti, ile ya mapitio ya maandiko, si kazi yake.

Mwisho ni kurudisha. Tarehe ikikaribia na bado unakihitaji kitabu, omba kuongezewa muda kabla faini haijaanza kuhesabiwa. Anayevuka kwenda Ukerewe likizo akifunge kwenye mfuko wa plastiki, kwani kitabu kilicholowa kwenye meli huvimba mgongo na kurasa hushikana, nawe utatakiwa kukilipa. Deni hilo hukusubiri: bila muhuri wa maktaba kwenye fomu ya kuthibitisha kwamba hudaiwi, cheti hubaki ofisini.