Kompyuta inaleta skrini ya bluu kila mara? Usikimbilie kupiga Windows upya

Wiki iliyopita dada mmoja mwenye steshenari alinipigia: "Fundi, imezima tena, na kuna mteja hapa anasubiri CV yake." Desktop yake ya mtumba ilikuwa inaleta skrini ya bluu mara nne, tano kwa siku. Ilishapigwa Windows upya mara mbili, mafaili ya wateja yakapotea, na tatizo likabaki palepale. Nimeandika njia niliyopita ili nawe usipoteze kazi zako.

1. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Leo, kabla ya lolote.

2. Ipe nafasi ikwambie. Bonyeza Windows + R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Settings ya Startup and Recovery, utoe tiki kwenye Automatically restart. Sasa skrini ya bluu itatulia na utaipiga picha kwa simu. VIDEO_TDR_FAILURE mara nyingi ni draiva ya picha, yaani programu inayoendesha kadi ya picha. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR huelekea kwenye kifaa chenyewe: prosesa, joto, umeme. Ujumbe ukibadilika kila inapoanguka, mimi huanza na ramu, vile vipande vya kumbukumbu ya muda vinavyochomekwa kwenye madabodi (bodi kuu). Ikizima ghafla bila bluu yoyote, safisha vumbi la feni na ujaribu pawa saplai nyingine.

3. Soma ripoti za kuanguka. Zipo C:\Windows\Minidump, programu ya bure ya BlueScreenView inazifungua. Ukiona ntoskrnl.exe usihangaike nayo, hicho ni kiini cha Windows na hutajwa hata kisipohusika. Tafuta faili la .sys la kampuni nyingine linalojirudia. Kwa mfano, nvlddmkm.sys ni draiva ya NVIDIA.

4. Pima ramu, kipande kimoja kimoja. Hapa ndipo nilipoteza siku mbili, kwa hiyo nenda nami taratibu.

Kipimo kilichomo ndani ya Windows sikitegemei. Kimewahi kunipa "hakuna tatizo" kwenye ramu mbovu kabisa. Weka MemTest86+, programu ya kupima ramu, kwenye flashi, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, uiache usiku kucha. Kama umewasha XMP (mpangilio wa kuongeza kasi ya ramu) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka, izime kwanza, maana ramu iliyosukumwa kasi huweza kutoa makosa hali yenyewe ni nzima. Kosa hata moja ni kosa.

Mimi nilipima vipande vyote viwili pamoja. Makosa yakatoka, nikanunua kipande kipya, makosa yakatoka tena. Kumbe ilinipasa kufanya hivi: zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha, kisha toa ramu zote. Futa meno ya dhahabu kwa kitambaa kilicholowa spiriti kidogo. Najua wengi tunatumia kifutio cha penseli. Nimeacha, kinakwangua na vumbi lake huingia kwenye sloti. Rudisha kipande kimoja, sukuma mpaka vishikio vilie "ta!". Pima. Weka cha pili kwenye sloti ileile. Pima. Halafu hamia sloti nyingine.

Kwa dada yule, vipande vyote vilipita salama kwenye sloti ya kwanza. Kwenye sloti ya pili, chochote nilichoweka, makosa yalimiminika ndani ya dakika kumi. Ramu hazikuwa na hatia. Ila usiilaumu madabodi haraka: pini iliyopinda chini ya prosesa, au hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) iliyokazwa upande mmoja, huleta dalili hizohizo. Nilifungua nikaangalia pini kwa tochi. Zote zilikuwa sawa, basi mbovu ilikuwa sloti yenyewe.

5. Draiva ya picha. Ramu ikiwa nzima, pakua kwanza draiva mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji na DDU, programu ya kufuta draiva za picha. Kata intaneti ili Windows isijiwekee draiva yake, ingia sefu modi (Windows ikiwaka na vitu vya msingi tu), ondoa ya zamani kwa DDU, kisha weka ile uliyopakua. Zile programu za "kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja" naomba usiziweke kabisa. Nimeshaziondoa kwenye mashine nyingi zilizoletewa draiva za modeli nyingine.

6. Badilisha kitu kimoja tu, tumia mashine siku mbili, ndipo uguse kingine.

Dada nilimtolea vile vipande viwili vya GB 4, nikamwekea kimoja cha GB 8 kwenye sloti nzima, na ile mbovu nikaiziba kwa selotepu. Tangu Jumanne anachapa bila kukatizwa.