Maharage yanayogoma kuiva ughaibuni: chungu cha Jumamosi cha kukulisha wiki nzima

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja niliyempokea alipohamia huku alinipigia simu saa tano usiku. "Dada, shikamoo. Nimeyabandika tangu saa moja na bado ni magumu." Alikuwa ameloweka, amechemsha, ameongeza maji, ameongeza tena. Alikuwa ametoka zamu jioni, hajala, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. Nilimwambia azime jiko, ale mkate na chai, alale. Kesho yake nikaenda.

Nilichofanya kwanza ni kufungua birika lake la umeme. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe, mgumu, umeshika chini na kupanda pembeni kama chokaa ya ukutani. Nikajua papo hapo. Mwaka wangu wa kwanza ugenini nilimwaga vyungu vitatu nikidhani nimepoteza mkono wangu wa kupika, kumbe tatizo lilikuwa kwenye bomba. Huu hapa utaratibu niliomwonyesha, na ndio ninaoufuata mwenyewe kila mwisho wa wiki.

Hatua ya 1: Nunua maharage yasiyo ya zamani

Maharage makavu hayaozi, kwa hiyo watu hudhani hayazeeki. Yanazeeka. Yakikaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu, punje hubadilika ndani na kuwa za aina isiyoiva kabisa, hata ukeshe nayo. Nunua kwenye duka ambalo wateja wananunua maharage kila siku, na usichukue mfuko uliofunikwa na vumbi nyuma ya rafu hata kama umepunguzwa bei. Usichanganye mfuko mpya na mabaki ya mfuko wa zamani pia: nusu itapondeka huku nusu ikiwa bado ngumu.

Nusu kilo inamtosha mtu mmoja, kwa sababu ikiiva inazidi kilo moja.

Hatua ya 2: Yajue maji yako

Hapa ndipo nilipopoteza saa nyingi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Katika miji mingi maji ya bomba yamepita kwenye miamba ya chokaa kabla ya kukufikia, na njiani yameyeyusha kalsiamu na magnesiamu. Ndiyo yanayoitwa maji magumu. Kwa kunywa hayana neno. Kwa maharage ni shida kubwa, na sababu yake ni hii: seli za punje zimeshikamanishwa na gundi iitwayo pektini, ile ile inayogandisha jamu. Kuivisha maharage maana yake ni kuiyeyusha gundi hiyo. Kalsiamu ikiingia, inaikaza pektini na punje inabaki imeshikamana. Wewe unachemsha, maji yanapungua, unaongeza mengine ya bomba, na kila nyongeza inakuja na kalsiamu yake. Yule kijana aliongeza maji mara tano usiku ule, akidhani anasaidia.

Utajuaje? Tazama birika. Likiwa na ukoko mweupe, maji yako ni magumu. Dalili nyingine ni sabuni isiyotoa povu vizuri, na utando mweupe kwenye mdomo wa bomba. Ukitaka uhakika, mamlaka nyingi za maji hutangaza kipimo cha ugumu kwa kila eneo. Chini ya miligramu 60 za chokaa (kalsiamu kaboneti) kwa lita ni maji laini, juu ya 180 ni magumu sana. Kama maji yako ni laini, ruka uende hatua ya 3.

Kama ni magumu, fanya hivi, kwa mpangilio wa ninavyovipenda.

Kwanza, jagi la kuchujia lenye kichujio kinachopunguza chokaa. Ni kitu cha kwanza ninachomshauri mtu kununua baada ya godoro. Hakikisha imeandikwa kwamba kinapunguza chokaa, maana kuna vichujio vya kuondoa harufu ya klorini tu na hivyo havitakusaidia hapa.

Pili, kama huna jagi, chemsha maji ya kupikia mapema, yaache yapoe na kutulia, kisha mimina ya juu taratibu na uuache ule unga mweupe chini. Hii huondoa sehemu tu ya ugumu. Kuna miji ambayo haisaidii sana, na huwezi kujua mpaka ujaribu.

Tatu, bikaboneti ya sodiamu, yaani magadi meupe ya unga yanayouzwa rafu moja na vitu vya kuokea. Robo ya kijiko cha chai kwa nusu kilo ya maharage, kwenye maji ya kuchemshia. Naomba uishike hiyo robo. Ukizidisha, mchuzi unanuka sabuni, maganda yanayeyuka, na vitamini B1 inaharibika. Na usichanganye na beking pauda. Pakiti zinafanana, zinakaa jirani, lakini beking pauda ina asidi ndani yake na asidi ndiyo hasa tunayoikimbia.

Maji ya chupa je? Soma lebo kwanza. Baadhi ya maji ya madini yana kalsiamu zaidi ya miligramu 100 kwa lita, kwa hiyo unaweza kutumia pesa ukanunua tatizo lile lile.

Hatua ya 3: Loweka kwa maji ya chumvi, Ijumaa usiku

Chambua, osha, loweka kwenye maji mengi, lita 2 kwa nusu kilo, na kila lita itie gramu 15 za chumvi, kama vijiko viwili na nusu vya chai vilivyosawazishwa.

Najua. Hata mimi nilikuzwa nikiambiwa chumvi hukaza maharage. Nimepika kwa njia zote mbili, miaka, na nasema bila wasiwasi kwamba chumvi kwenye maji ya kuloweka hulainisha. Sodiamu yake huchukua nafasi ya kalsiamu kwenye ganda, ganda linalainika, na punje inavimba bila kupasuka. Kinachokaza ni asidi: nyanya, ndimu, ukwaju, siki. Hivyo vingoje mpaka yaive.

Saa 8 hadi 12 zinatosha. Kama nyumba ina joto, loweka ndani ya friji yasije yakachacha. Asubuhi tazama: punje zilizovimba na kunyooka ni nzima, zilizobaki ndogo na ngumu kama kokoto zitoe, hizo hazitaiva. Mwaga maji ya kuloweka, suuza, tia maji mapya kutoka kwenye jagi.

Hatua ya 4: Chemsha, na usiharakishe dakika za mwanzo

Kama ni maharage mekundu, soma aya hii mara mbili. Yakiwa mabichi yana sumu ya asili, na punje nne au tano tu zinaweza kumtapisha mtu mzima vibaya ndani ya saa chache. Sumu hiyo huharibika kwa mchemko wa kweli, maji yanatokota, siyo yanayotoa moshi tu. Kipimo cha chini ni dakika 10 za kutokota. Mimi naacha 30, kwa sababu ndiyo tahadhari inayotolewa na mamlaka ya chakula ya Marekani na gesi ya dakika 20 zaidi hainifilisi.

Kwa sababu hiyo sipendi, na sitapenda, kubandika maharage mabichi kwenye zile sufuria za umeme zinazopika polepole mchana kutwa. Joto lake linaweza lisifike nyuzi 80, na joto la namna hiyo haliui sumu, linaweza hata kuiongeza. Kama unayo na unaipenda, tokotesha kwanza kwenye jiko la kawaida, ndipo uhamishie humo.

Chombo ninachokipenda ni sufuria ya presha. Ndani yake joto hufika karibu nyuzi 120, na kwa mtu mwenye maji magumu inaokoa siku nzima. Usiijaze kupita nusu, maana maharage hutoa povu na povu huziba tundu la mvuke. Tia kijiko cha mafuta, povu litatulia. Yaliyolowekwa vizuri nayapa dakika 15 tangu ianze kupuliza, nazima, naiacha ishuke presha yenyewe. Ukiifungulia mvuke kwa ghafla maganda yanapasuka.

Bila presha, tokotesha hizo dakika 30, kisha punguza moto mpaka juu kuwe kunacheka kidogo tu, funika nusu, na uongeze maji moto pekee, yale yaliyochujwa. Kama jiko lako ni la sahani ya umeme, kumbuka sahani hubaki na moto muda mrefu baada ya kupunguza. Unapunguza sasa, inasikia baada ya dakika kumi. Mimi huwasha sahani ya pili kwa moto mdogo na kuhamishia sufuria hapo. Kama ni jiko la induksheni, lile linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, sufuria ya alumini uliyokuja nayo haitapata moto kabisa. Ijaribu kwa sumaku: ikinasa chini ya sufuria, inafaa.

Kujua kama yameiva, chota punje chache kwa kijiko na uzipulizie. Ganda likijikunja na kubanduka, umekaribia. Kisha ponda punje moja kwa ulimi juu ya kaakaa, bila meno. Ipondeke yote, katikati kusiwe na chembe ya unga mkavu. Jaribu tano, usiridhike na moja. Yule kijana alipojaribu ya tano alikaa kimya, akachota ya sita, akala.

Hatua ya 5: Unga

Hii unaijua. Vitunguu visikimbizwe, nyanya iingie sasa na siyo kabla, chumvi uionje kwanza kwa sababu uliloweka nayo. Usiyaunge yote. Unga ya siku mbili, mengine yaache meupe na maji yake, ili katikati ya wiki uyageuze upendavyo.

Hatua ya 6: Poza haraka, gandisha

Hapa watu huharibu kazi yote. Sufuria kubwa ikiachwa juu ya jiko mpaka asubuhi inakaa saa nyingi kati ya nyuzi 60 na 5, na humo ndimo bakteria huzaana. Lenga kuwa ndani ya friji katika saa 2. Lakini usiingize sufuria nzima ya moto. Itapasha kila kitu kilichomo, na kama friji ni ya nyumba ya kupanga pamoja, umepasha na maziwa ya wenzako.

Gawa kwenye vyombo vipana, kina kisizidi sentimita 5. Viweke ndani ya sinki lenye maji baridi, koroga mara mbili tatu, badilisha maji yakipata joto. Nusu saa inatosha. Wali wa kula nao uufanyie hivyo hivyo, na kwa haraka zaidi: kuna bakteria ambaye mbegu zake hazifi kwa kupika wali, na ukiuacha nje zinaamka.

Ya siku tatu hadi nne yakae friji, kwenye nyuzi 4. Mengine friza, nyuzi 18 chini ya sifuri. Pima kwa mlo mmoja mmoja, siyo donge la kilo. Acha nafasi ya vidole viwili juu ya chombo, maana maji yakiganda huongezeka kwa karibu asilimia 9 na mfuniko utabanduka. Mifuko ya friza ni bora kuliko makopo: ilaze bapa, toa hewa, ikiganda unaipanga wima kama madaftari. Andika tarehe na jina lako kwa kalamu isiyofutika, kwenye utepe wa karatasi wenye gundi, kabla mfuko haujapata baridi, kwa sababu gundi haishiki juu ya unyevu. Tumia ndani ya miezi mitatu. Baada ya hapo hayadhuru, ila ladha inapungua.

Hatua ya 7: Jumatano, umetoka kazini

Kama ulikumbuka, mfuko ulishushwa friji jana usiku. Kama hukukumbuka, upitishe kwenye maji ya bomba mpaka donge liachie, lidondoshe kwenye sufuria na nusu kikombe cha maji, moto mdogo, mfuniko juu. Yakianza kulegea koroga toka chini. Yatokote yote, katikati pia, siyo pembeni tu. Yaliyoyeyuka usiyarudishe friza.

Kitunguu kimoja, dakika kumi na tano. Kijana alinitumia picha Jumatano ile, sahani magotini, bado amevaa koti.