Namna ya kupima kelele za jirani kwa kanuni za Kenya

Malalamiko mengi kuhusu kelele za baa, kanisa au karakana ya mtaani hukwama kwenye kipimo. Mlalamishi analeta namba moja, tuseme 82, aliyoiona kwenye simu usiku. Mwenye baa anauliza: ulisimama wapi, na ulipima kwa muda gani? Swali hilo lina haki ya kujibiwa, kwa sababu Kanuni za Kelele na Mitetemo za 2009 hazihukumu kishindo cha sekunde moja. Viwango vyake ni wastani wa kipindi kizima, kwa kizio cha dB(A), yaani desibeli zilizorekebishwa kufuata jinsi sikio linavyosikia.

Kwenye eneo la makazi, nje ya nyumba, kikomo ni 50 mchana na 35 usiku. Ndani ni 45 na 35. Makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani yana 55 mchana, eneo la biashara 60, na yote mawili hushuka hadi 35 usiku. Mchana huanza saa 12:01 asubuhi, huisha saa 2:00 usiku. Ujenzi una jedwali lake.

Wastani huu si wa kujumlisha na kugawanya. Desibeli ni kipimo cha logi (kila 10 dB inayoongezeka ni nishati mara kumi), hivyo saa za kelele kubwa huvuta jumla kwa nguvu. Chukua saa 1 ya 65 na saa 13 za 45: hesabu ya kawaida inatoa 46, lakini wastani wa nishati ni 54. Saa moja tu imevusha mtaa juu ya 50. Basi soma LAeq, yaani huo wastani wa nishati, kwenye kifaa, usikisie kwa macho.

Tumia kipima sauti cha daraja la 1 au la 2 (madaraja ya usahihi). Simu inafaa kukuonyesha kama kuna haja ya kupima, haifai kuwa ushahidi: maikrofoni yake imetengenezwa kwa maongezi. Kabla ya kuanza, weka kwenye maikrofoni kalibreta ya 94 dB, kifaa kinachotoa sauti ya kiwango kinachojulikana, na urekebishe. Chagua uzani wa A (ndio unaotoa dB(A)) na mwendo wa haraka (Fast). Funga kipima kwenye stendi, maikrofoni ikiwa mita 1.2 hadi 1.5 kutoka chini na angalau mita 3.5 kutoka ukutani. Karibu na ukuta sauti inayorudi inaweza kuongeza kama 3 dB. Vesha sponji ya upepo, na upepo ukizidi mita 5 kwa sekunde, ahirisha. Pima pale kelele inapokusumbua, si mlangoni pa baa: kwa chanzo kidogo kilicho mahali wazi, umbali ukizidishwa mara mbili sauti hupungua kama 6 dB.

Kosa kubwa zaidi ni kusahau kelele za nyuma. Usiku 35 ni kimya kikubwa. Barabara, mbwa na jenereta za mbali pekee zinaweza kuzidi hapo. Pima pia muziki ukiwa umezimwa. Tofauti ikifika 10 dB au zaidi, acha namba kama ilivyo. Ikiwa kati ya 3 na 10, ondoa kelele za nyuma kwa hesabu ya nishati: ukipata 50 na muziki na 44 bila muziki, muziki wenyewe ni kama 48.7. Tofauti ikiwa chini ya 3, kipimo hicho hakithibitishi chochote. Subiri usiku mwingine.

Besi ni tatizo la pekee. Uzani wa A hukata takriban 26 dB kwenye herzi 63, ndiyo maana dirisha linatetemeka na kipima kinaonyesha namba ndogo. Rudia kwa uzani wa C, ambao haukati besi sana. C ikiipita A kwa 15 hadi 20 dB, andika hivyo kwenye ripoti na uombe uchambuzi wa bendi za okteva, yaani sauti ikipimwa kwa mafungu ya masafa, kuanzia besi hadi sauti nyembamba.

Andika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, namba ya kifaa, hali ya hewa, na mchoro wa mahali uliposimama. Ukimaliza, rudisha kalibreta: ikitofautiana na mwanzo kwa zaidi ya 0.5 dB, tupa vipimo vya usiku huo, upime tena kabla ya kwenda ofisi ya mazingira ya kaunti au NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira.