Msimu wa kwanza wa mbio za klabu na Mazda Miata: breki, maji, mafuta na zamu

Mwongozo huu ni wa dereva wa ridhaa anayetaka kushindana Marekani msimu mzima: kwanza mbio fupi za klabu, kisha mbio za saa nyingi zinazoendeshwa kwa zamu. Tumechukua Mazda Miata ya miaka ya 1990 hadi 2005 kwa kuwa vipuri vyake ni rahisi kupata, na kwa kuwa SCCA, klabu ya mbio za magari ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1944, imelitengea daraja lake lenyewe, Spec Miata. Gari hilohilo utalikuta kwa wingi kwenye mbio za saa nyingi.

Usianze na nguvu za injini. Mwaka wa kwanza mbio hupotea kwenye breki, maji ya kupoza na beringi za magurudumu. Fedha ya mwanzo iende huko.

Kununua gari

Nunua gari lililokwisha kutengenezwa kwa mbio. Keji ya vyuma inayomkinga dereva gari likipinduka, kiti, mikanda na kizima moto ukivinunua kimoja kimoja na kulipa fundi wa kuchomelea, utapita bei ya gari zima lililotumika. Omba kitabu cha kumbukumbu cha gari. Wakaguzi wa klabu huandika humo kila ajali na kila kasoro, na humo ndimo utakapojua kama chasisi iliwahi kupinda.

Kama ni injini ya lita 1.6 ya 1990 au mwanzo wa 1991, iwashe, iache ingurume bila kukanyaga akselereta, utazame puli ya chini kutoka mbele. Ikiyumba, ncha fupi ya krankshafti imeanza kulika pale inaposhika puli, na injini hiyo haina maisha marefu. Kwenye keji, kagua miguu yote inapokutana na sakafu: kutu au weldi iliyopasuka hapo inatosha kukufanya uachane na gari.

Soma pia lebo za tarehe. Mikanda huwa na mwisho wake hata ikiwa haijawahi kuvaliwa, na kiti cha viwango vya FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) 8855-1999 hupewa miaka 5 tu. Helmeti iwe ya daraja la SA la Snell, taasisi inayopima helmeti, lililowekwa kwa mbio za magari. Ya pikipiki hukataliwa kwenye ukaguzi. Kizuizi cha shingo, kinachozuia kichwa kurushwa mbele kwenye ajali, ni lazima, na nanga zake kwenye helmeti ziwe ni za aina inayolingana na kizuizi chenyewe.

Leseni na bendera

Utahitaji fomu ya daktari, kibali cha mwanafunzi, shule ya udereva ya klabu, na mbio chache za mwanzo kabla ya leseni kamili. Shuleni hawatafuti aliye mwepesi kuliko wote. Wanaangalia kama unaona bendera na kama unatabirika kwa wenzako.

Mbili huwachanganya wageni. Bendera nyeupe kwenye viwanja vya kona za kushoto na kulia haimaanishi mzunguko wa mwisho. Inakuambia mbele kuna gari la polepole au la huduma. Nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa ni yako peke yako: gari lako lina hitilafu, mara nyingi linavuja au kitu kinaning'inia, nawe uingie piti, eneo la kuhudumia magari kando ya uwanja, mara moja. Jifunze vibanda vya waashiria vilipo kabla ya kujifunza mahali pa kufunga breki.

Breki

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo gari jepesi linapowadanganya watu. Miata huonekana haichoki, lakini kwenye uwanja kama Road America, wenye urefu wa kilomita 6.5, unashuka kutoka kwenye kasi kubwa kabisa hadi kona ya 5, halafu tena kona ya 12, mzunguko baada ya mzunguko. Joto halina pa kwenda ila kwenye pedi, kalipa na mafuta ya breki.

Mafuta ya kawaida ya DOT 4 yanatakiwa yachemke si chini ya nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya, na 155 yakishanyonya unyevu. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha pedali kuzama ghafla mwishoni mwa mbio: mafuta yamechemka, yametoa mvuke, na mvuke hubanwa. Tumia mafuta ya mbio yanayochemka juu ya nyuzi 300, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Usiguse DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haichanganyiki na mengine.

Kutoa hewa, kwa gari lenye usukani kushoto: anza gurudumu la nyuma kulia, kisha nyuma kushoto, mbele kulia, umalizie mbele kushoto. Nusu lita hutosha kubadilisha mfumo mzima. Mwenzako akanyage polepole bila kugonga sakafu. Wewe ufungue nati ya kutolea hewa ya kalipa robo mzunguko na kuifunga kabla hajaachia. Chungulia kopo la juu baada ya kila mikanyago mitano, maana likikauka mara moja tu unaanza upya. Fanya kazi hii kabla ya kila wikendi, na toa hewa tena kwenye kalipa za mbele baada ya siku ya mazoezi.

Pedi mpya hazipelekwi mbioni zikiwa mbichi. Zikanyage mara nane hadi kumi kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 30, kila mara kwa nguvu zaidi, kisha zungusha gari dakika 10 bila kuzigusa. Ukirudi piti usiache mguu kwenye pedali: pedi ya moto huacha alama kwenye diski, na usukani utatetemeka wikendi nzima. Kwa mbio za saa nyingi, pedi iliyobaki nusu ihesabu imekwisha, kwani kadiri inavyokuwa nyembamba ndivyo joto linavyofika kwenye pistoni. Pedi ikilika upande mmoja kuliko mwingine, pini za kalipa zimekauka. Zisafishe na kuzipaka grisi ya silikoni. Diski yenye mistari midogo ya joto bado inafaa. Ufa ukifika ukingoni, itupe.

Maji, habu na tairi

Gari likichemsha, watu hukimbilia rejeta kubwa. Anza na sponji: ziba kila mwanya kati ya pua ya gari na rejeta, na hakikisha kinga ya plastiki ya chini ipo. Bila hiyo, hewa hupita chini ya gari badala ya kupenya rejeta. Geji ya kiwandani husimama katikati wakati joto linapanda, kwa hiyo funga taa ya onyo itakayowaka ifikapo nyuzi 105. Jaza maji safi yenye dawa ya kuzuia kutu. Klabu na viwanja vingi hukataza kulanti ya glikoli kwa sababu ikimwagika hufanya lami iteleze na ni ngumu kuisafisha.

Habu za mbele, zinazobeba beringi za magurudumu, ni kitu cha kubadilishwa mara kwa mara. Inua gari, shika tairi juu na chini, tikisa. Ukisikia mchezo wowote, badilisha siku hiyo. Beba habu moja mpya na soketi ya milimita 29 kila safari.

Tairi ni 205/50 kwenye rimu za inchi 15. Presha ipimwe ya moto, gari linapoingia tu piti, na uiandike pamoja na joto la hewa; kila nyuzi 6 hivi za joto ndani ya tairi hubadilisha karibu psi 1. Nati za magurudumu zikazwe kwa Nm 108, kwa spana ya kupimia, kila unaposhuka uwanjani.

Mbio za saa nyingi

Baada ya wikendi tatu au nne za mbio fupi, ingia huku. Mashindano yaliyofungua mlango huu kwa watu wa kawaida ni 24 Hours of Lemons, yaliyoanza mwaka 2006 kwa magari ya dola 500, bila kuhesabu vifaa vya usalama. Usikose kusoma kanuni za mwandaaji husika: nyingine huweka muda wa chini wa kusimama piti, nyingine huwekea dereva saa 2 kwa zamu.

Ushindi upo kwenye hesabu ya mafuta. Tuseme tanki ni lita 48, na lita 4 za mwisho hazitumiki kwa sababu kwenye kona ndefu petroli hukimbilia upande mmoja na pampu hunyonya hewa. Unabaki na 44. Gari likinywa lita 24 kwa saa, zamu yako ni saa 1 na dakika 50. Mbio za saa 8 zitakulazimu kujaza mara nne. Ukishusha hadi lita 22, zamu inafika saa 2 kamili, nawe unajaza mara tatu. Kila kusimama piti kwa dakika 5 ni karibu mizunguko 2 ya Road America. Ili kupata akiba hiyo, badilisha gia mapema kwa mizunguko 500 ya injini kwa dakika, na achia akselereta mita chache kabla ya kufunga breki. Pima matumizi halisi siku ya mazoezi: jaza hadi juu, kimbia saa 1, jaza tena kwa dumu lenye alama.

Kwenye kujaza, wote wanaogusa petroli wavae nguo kamili za kinga ya moto, glavu na ngao ya uso, na mmoja asimame na kizima moto mkononi, pini imeshatolewa, bila kazi nyingine yoyote. Injini izimwe. Kwa Lemons dereva hutoka kabisa na hakuna anayefanya kazi nyingine petroli inapoingia. Madumu ya lita 19 yawe matatu.

Kubadilishana dereva mfanye mazoezi nyumbani. Anayetoka alegeze mikanda ya mabega akiwa bado kwenye njia ya piti, baada ya gari kupungua kasi, asiifungue. Gari likisimama: wavu wa dirisha, waya wa redio, bomba la maji ya kunywa, mkanda, nje. Anayeingia akaze kwanza mkanda wa nyonga hadi ushike mifupa, ndipo wa mabega. Akigeuza mpangilio, wa nyonga hupanda tumboni, na hapo ndipo mtu huumizwa na mkanda wake mwenyewe. Dereva mfupi awe na mto wake uliotengenezwa kwa kipimo. Dakika 2 zinatosha kabisa.

Mpange dereva mzoefu kuanza na kumaliza, na mgeni apewe zamu ya katikati, magari yakishatawanyika. Gari la kasi likija nyuma, shika mstari wako ule ule. Anayepita ndiye anayebeba mzigo wa kupita salama. Maji ya kunywa yawe nusu lita hadi robo tatu kwa kila saa, na dereva aanze kunywa mapema kabla ya kiu.

Mbio zikiisha, kabla gari halijapanda trela, andika kwenye daftari unene wa kila pedi, mafuta ya injini yaliyopungua, presha za moto na saa zilizokwishafanywa na kila habu. Kisha legeza mikanda, fungua kopo la breki utazame rangi, na chomoa betri.